Kufuli Tatu

KAKA: Mwangaluka, wasikilizaji. Tuko Kirumba, Mwanza, leo, na hizo kelele ni za soko la samaki la Mwaloni, mtuvumilie. Dada, lete ile habari ya sanduku.

DADA: Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu, kaka. Funguo wanazo akina mama watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Hata wote wakiwa walokole, kufuli ni tatu.

KAKA: Kwa hiyo hamuaminiani.

DADA: Tunaaminiana, ndiyo maana tunaweka hela. Ila tunajuana pia! Ada ya shule ikifika, hata mimi mkono unaniwasha.

KAKA: (anacheka) Kuna Mmarekani, James Madison, mwaka 1788 alitetea katiba mpya ya nchi yao kwa hoja hiyohiyo: watu si malaika. Dawa ya mwenye uchu wa madaraka, akasema, ni kumwekea mwenye uchu kama wake, wachungane.

DADA: Hapo mwaloni tunayo. Kamati ya BMU, ile ya kulinda uvuvi, ina matajiri wenye mitumbwi, ina mabaria, ina wachuuzi. Sangara wa chini ya sentimita 50, asiyeruhusiwa kuvuliwa, akishushwa, tajiri ananyamaza, mtumbwi wake. Baria anaogopa kupoteza kibarua. Ila mchuuzi aliyenyimwa mzigo wiki iliyopita? Huyo rula anayo mkononi!

KAKA: Kumbe anayelinda ziwa ni wivu.

DADA: Wivu, na njaa ya kesho. Mtu huyohuyo anataka samaki leo, na anataka mwanaye naye aje avue. Nikisikia kiongozi anahubiri uzalendo mtupu, nashika pochi yangu.

KAKA: Katiba yetu ya 1977 haikuishia kuhubiri. CAG, yaani Mkaguzi Mkuu, anateuliwa na Rais, halafu anakagua hesabu za serikali ya Rais huyohuyo, na ripoti inafika bungeni. Kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, ibara ya 144 inataka tume ichunguze kwanza.

DADA: Sawa, lakini kufuli nazo zina ubaya wake. Mwaka jana mtoto wa mwenzetu kazidiwa usiku. Mwenye ufunguo wa pili yuko msibani Ukerewe. Sanduku liko mezani, hela imo, tunalitazama tu. Tukachangishana za mifukoni.

KAKA: Si mngevunja!

DADA: Nani aanze? Anayevunja leo kwa ajili ya mtoto, kesho atavunja kwa ajili ya harusi. Sasa anayesafiri anauacha ufunguo kwa mtu asiyeshika mwingine, mbele ya mashahidi wawili, katibu anaandika.

KAKA: Na huyo naye akisafiri?

DADA: Ndiyo ajenda ya Jumamosi. Wengine wanataka kufuli ya tatu itolewe kabisa. Mimi nimekataa katakata. Ila ufunguo huo ninao mimi, kwa hiyo usiharakishe kunitetea, kaka.