Jinsi ya kutengeneza trebusheti ndogo ya mbao inayorusha kweli

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza trebusheti, ule mtambo wa kurusha mawe uliokuwa ukibomoa kuta za ngome kabla mizinga ya baruti haijachukua nafasi yake. Huu wetu ni mdogo, unakaa juu ya meza, na unarusha donge la udongo la gramu 20. Hauna mpira wala springi. Nguvu yake yote inatoka kwenye kisanduku kizito kinachoanguka upande mmoja wa mkono, upande wa pili ukipanda na kuvuta kombeo.

Watu wengi wakiuona mtambo huu wanadhani siri yake ni uzito, basi wanajaza mawe mpaka nguzo zinalia. Uzito una kazi yake, lakini umbali unapatikana kwenye kombeo na kwenye msumari mmoja ulioko nchani. Kwa hiyo fremu nitaipitia haraka, tukifika kwenye kombeo tutulie.

Mbao zote ninazotumia zina unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 4. Kata mbili za sentimita 80, hizi ni za kitako. Kata nne za sentimita 20 za kuunganisha. Nguzo mbili, kila moja sentimita 43. Mkono mmoja wa sentimita 75, na huu uchague kwa macho: nyuzi za mti ziende moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, na usiwe na kifundo katikati, maana kifundo ndipo unapokatikia. Utahitaji pia plaiwudi ya milimita 9, chuma laini cha duara chenye kipenyo cha milimita 10 kwa ajili ya mhimili, bolti ya milimita 8, skrubu, gundi ya mbao, kamba nyembamba isiyovutika, na kipande cha kitambaa kigumu kama cha suruali ya jinzi.

Tuanze na kitako. Simamisha zile mbao mbili ndefu kwa ubavu ili kimo chake kiwe sentimita 4, kisha weka kati yake vile vipande vinne: kimoja mbele kabisa, kimoja nyuma kabisa, cha tatu sentimita 28 kutoka mbele, cha nne sentimita 68. Toboa kwanza tundu jembamba kabla ya kila skrubu, la sivyo mbao itapasuka. Pima kila kona na guni, kile kipimo cha pembe mraba. Kitako kikikaa upogo, mkono nao utakwenda upogo na kugonga nguzo.

Nguzo zinasimama juu ya mbao ndefu, katikati yake ikiwa sentimita 38 kutoka mbele. Zishike kwa pembetatu za plaiwudi zenye pande za sentimita 20, mbele na nyuma ya kila nguzo, zikigandishwa upande wa nje kwa gundi na skrubu. Usizipuuze hizi pembetatu. Uzito ukianguka, fremu nzima inasukumwa mbele na nyuma, na nguzo isiyo na pembetatu hulegea baada ya kurusha mara chache tu.

Tundu la mhimili liko sentimita 40 kutoka chini ya nguzo. Zibane nguzo zote mbili pamoja kwenye jiriwa na uzitoboe kwa mpigo mmoja kabla hujazifunga kwenye kitako. Ukitoboa moja moja, tofauti ya milimita mbili tu inatosha kuulaza mhimili.

Sasa mkono. Angalia hapa ninapoweka alama. Kutoka ncha moja, pima sentimita 2, hilo ni tundu la uzito. Kutoka ncha hiyo hiyo pima sentimita 17, hilo ni tundu la mhimili. Kwa hiyo upande mfupi una sentimita 15 na upande mrefu una 58, yaani karibu moja kwa nne. Ukipunguza uwiano huo, ncha haipati kasi. Ukiuzidisha sana, uzito unashindwa kuukimbiza mkono. Matundu yote yawe katikati ya ule upana wa sentimita 4, na mkono ukae kwa ubavu, kwa sababu mbao hupinda kwa shida zaidi upande huo.

Kisha chonga upande mrefu kwa randa, uwe unapungua taratibu kutoka kwenye mhimili hadi nchani, ambako kimo kibaki sentimita 2. Kila gramu unayoiondoa pale nchani ni gramu ambayo uzito hautakuwa na haja ya kuibeba. Maliza kwa msasa.

Pitisha chuma kwenye nguzo na mkono. Ili mkono ubaki katikati, vika chuma vipande viwili vya bomba la plastiki, kila upande kimoja, urefu wa kila kimoja ukiwa chini kidogo ya sentimita 9. Paka mshumaa kwenye chuma. Sasa usukume mkono kwa kidole: unatakiwa uzunguke wenyewe bila kukwaruza popote. Ukikwama, tafuta sababu sasa hivi, usingoje uzito.

Kisanduku cha uzito ni cha plaiwudi. Ndani kina upana wa sentimita 12, kina cha sentimita 8 kutoka mbele kwenda nyuma, na kimo cha sentimita 12. Zile mbao mbili za ubavuni zifanye ndefu, sentimita 22, zichomoze juu ya kisanduku kama masikio. Toboa sentimita 2 kutoka juu ya kila sikio, pitisha bolti kwenye sikio, mkono, sikio, na uweke tena vipande vya bomba ili kisiyumbe. Usikibane. Kisanduku kinachoning'inia huru huanguka karibu wima, na hutoa nguvu zaidi kuliko uzito uliogandishwa kwenye mkono. Kijaze mchanga, ongeza nati na vyuma chakavu hadi upate kilo 2. Kanuni ya kuanzia ni hii: uzito uwe mara 100 ya kile unachorusha. Mafundi wa zamani nao walitumia sanduku la mbao lililojaa udongo au mawe.

Juu ya vile vipande viwili vya katikati, laza plaiwudi yenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 10. Hii ni njia ya kuteleza donge. Isugue kwa msasa, ipake mshumaa, basi.

Haya, kombeo. Kata kitambaa sentimita 10 kwa 5, toboa pembe nne, funga kamba mbili za kila upande zikutane kuwa moja. Kamba ya kwanza inafungwa kabisa kwenye tundu dogo karibu na ncha ya mkono. Kamba ya pili ina pete ndogo ya chuma mwishoni, na pete hiyo inavikwa tu kwenye msumari. Pete ikishavikwa, pande zote mbili ziwe sawa, na kutoka nchani hadi katikati ya mfuko iwe sentimita 45. Nakusihi usitumie kamba inayovutika. Leo itarusha mbali, kesho karibu, na hutajua urekebishe nini.

Msumari unaingia kwenye kichwa cha mkono, ukielekea kule kule mkono unakoelekea. Toboa kwanza, ugongee taratibu, uache sentimita 3 nje, kisha ukate kichwa chake na kuulainisha kwa tupa. Ukiwa na mikwaruzo, pete itashika pale isipotakiwa. Kwa koleo, upinde kidogo kuelekea uso wa juu wa mkono, ule unaotazama angani mkono ukiwa umeshushwa. Huo ndio uso unaotangulia mkono ukiruka.

Kinachotokea ni hiki. Mkono ukipanda, mfuko unateleza kwanza kurudi nyuma, unainuka, halafu unazunguka kwa kasi kubwa kuliko ncha yenyewe. Kamba ikifika karibu kulingana na msumari, pete inachomoka, mfuko unafunguka, donge linakwenda. Msumari ndio unaoamua ni lini.

Kifyatulio ni rahisi. Funga skrubu yenye pete chini ya mkono, sentimita 6 kutoka nchani. Shusha mkono hadi ncha iguse chini, uone pete hiyo inapoangukia kwenye ubao wa nyuma, ndipo ufunge skrubu ya pili yenye pete hapo, zikae ubavu kwa ubavu. Kipini cha chuma kinapita kwenye pete zote mbili, nacho kimefungwa kamba ya mita 2.

Kabla ya kurusha, sikiliza. Simama ubavuni, kamwe si mbele, na wala si nyuma, kwa sababu pete ikichomoka mapema donge huruka kinyume. Vaa miwani ya kukinga macho. Fanya kazi uwanjani, usirushe jiwe wala chuma. Donge la udongo mkavu lenye ukubwa wa ndimu ndogo linatosha, na likianguka linapasuka tu. Utaratibu ni shusha mkono, tia kipini, ndipo uweke donge mfukoni na kuvika pete. Kichwa chako kisipite juu ya mkono ukiwa umefungwa.

Vuta kamba.

Donge likienda juu sana au likirudi nyuma, pete imechomoka mapema: pinda msumari zaidi mbele. Likipigwa chini hapo hapo mbele ya mtambo, imechelewa: unyooshe. Pinda kidogo kidogo, na kila mara rudia kurusha bila kugusa kitu kingine. Ukibadilisha msumari, kamba na uzito kwa pamoja, umejifunga mwenyewe. Msumari ukikataa kabisa, ndipo ufupishe au urefushe kombeo, sentimita 2 kwa wakati.

Utegemee nini? Uzito wetu unashuka takriban sentimita 25. Kwa hesabu, kama nguvu yote ingeingia kwenye donge na hewa isingelipunguza kasi, umbali wa juu kabisa ni mara mbili ya uwiano wa uzito ukizidisha na mteremko huo: 2 mara 100 mara 0.25, sawa na mita 50. Sehemu ya nguvu hubaki kwenye mkono, kwenye kisanduku kinachoendelea kuyumba, na kwenye msuguano. Ukipata mita 15 hadi 20 mtambo wako uko vizuri. Ukipata 5, usikimbilie kuongeza mchanga, rudi kwenye msumari.

Na kama unadhani hamu hii ya kuuona mtambo ukirusha ni ya watoto, mwaka 1304 mfalme Edward I wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling huko Scotland. Waliokuwa ndani walitaka kusalimu amri. Akawakatalia mpaka kwanza ajaribu trebusheti yake kubwa, iliyopewa jina la Warwolf.

Ukitaka kuongeza umbali bila kugusa uzito, weka magurudumu manne chini ya kitako. Fremu ikiweza kusogea, kisanduku hushuka wima zaidi, na nguvu iliyokuwa ikipotea kwa kutikisa nguzo inakwenda kwenye donge. Hakikisha tu hakuna mguu wa mtu njiani. Ukimaliza, usiuache mtambo ukiwa na kipini: toa donge, shika mkono, chomoa kipini, uuachie upande taratibu, halafu mwaga mchanga kabla ya kuubeba.