Mayai na Biskuti za Nowruz

Assalaam aleikum, na ahsanteni kwa kuja, hasa mliopitiliza hapa kutoka kazini.

Mwaka Kogwa hapa Unguja hauna mgeni. Julai ikifika, Makunduchi watu wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, sherehe inaendelea mpaka pwani. Hiyo ndiyo Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, na asili yake ni Uajemi, ambako wanaiita Nowruz. Mbona basi Waajemi wenyewe wanaisherehekea Machi? Ni hesabu tu. Mwaka wetu wa kale, ule wa miongo ya siku kumi kumi waliofuata wavuvi na wakulima, una siku 365 kamili. Hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Katikati ya karne ya 19 uliangukia mwishoni mwa Agosti. Iran nao waliwahi kuhama hivyo hivyo, mpaka mwaka 1079 wanajimu wa Sultani Malik Shah, Omar Khayyam akiwemo, walipoufunga mwaka kwenye jua lenyewe. Unaanza pale jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, mchana na usiku vikilingana na baridi ya huko ikiaga.

Ndiyo maana saa ya sikukuu hii haipangwi na mtu. Mwaka 2024, kwa saa za Tehran, ilikuwa saa 12:36 asubuhi. Mwaka 2025, saa 6:31 mchana. Ikiangukia usiku wa manane, watoto wanaamshwa na kuvishwa nguo mpya, nyumba nzima inakaa kuzunguka kitambaa cha haft-sin, yaani “sin saba”, vitu ambavyo majina yake ya Kiajemi yanaanza na herufi sin. Siki, kitunguu saumu, tofaa, ngano iliyooteshwa sahanini... vitu saba, sitavitaja vyote, picha zake mmeziona.

Mimi nataka mtazame mayai. Yanachemshwa, yanatiwa rangi, na katika nyumba nyingi kila mtu ana lake, hata mtoto mchanga. Siku hizi rangi zinanunuliwa dukani, lakini maganda ya vitunguu yakichemka pamoja na yai yanalipa wekundu wa kahawia ambao mimi naupenda zaidi, na manjano inafanya kazi yake. Zamani yai liliwekwa juu ya kioo, watu wakalikodolea macho. Walisema dunia imebebwa na fahali kwa pembe moja. Mwaka ukigeuka, anaihamishia pembe ya pili, na yai linatikisika. Naona wengine mnacheka. Bibi zenu hawakuwasimulia ya ng'ombe huyo?

Jikoni kazi imeanza siku nyingi kabla. Sikukuu ni siku kumi na tatu, na muda wote huo wageni wanapishana mlangoni: wadogo wanawatembelea wakubwa kwanza, kisha wakubwa wanarudisha. Nani atawasha jiko kila mgeni akibisha hodi? Kwa hiyo wanaoka vitu vinavyodumu. Nan-e nokhodchi ni jamaa ya nankatai zetu: unga wa dengu zilizokaangwa, samli, sukari ya unga na iliki, maji hakuna hata tone, na ndiyo siri ya kutoharibika. Unga unachekechwa tena na tena, maana chembe moja tu ulimi unaijua. Donge linapumzishwa, linasukumwa nene kiasi cha kidole, linakatwa vijiua vidogo vya petali nne, na kila kimoja kinabandikwa kipande cha pistachio. Moto uwe mdogo. Biskuti ikishika wekundu imeharibika. Inatakiwa itoke na weupe wake, na usiiguse mpaka ipoe, la sivyo inasagikia mkononi. Watoto wanapewa hizo pamoja na noti mpya, ambazo mara nyingi mzee anazitoa katikati ya kurasa za Msahafu.

Siku ya kumi na tatu hakuna anayebaki ndani. Chakula kinafungwa, watu wanakwenda bustanini na mitoni, ile ngano iliyooteshwa inatupwa kwenye maji yanayotiririka.

Sahani ile pale mezani ni nokhodchi, nimezioka jana. Chukueni kwa vidole viwili, taratibu, huku tukianza maswali.