Ngoma ya Wakulima wa Korea: Tuanzie Miguuni

Ndugu wasikilizaji, vyombo nitavifikia. Kwanza tuzungumzie magoti. Mpigaji wa pungmul, ndiyo ngoma hii ya wakulima, ambayo wengine huiita nongak, hupiga akitembea, ngoma yake imefungwa mwilini kwa kitambaa. Goti likikunjwa, mwili unashuka na pigo zito linatua hapo hapo. Mdundo unatoka chini, mikono inaufuata. Ndiyo maana sikubali kwamba dansi ni pambo tu la ngoma hii.

Anayeongoza ni sangsoe, mwenye kkwaenggwari, upatu mdogo wa shaba wenye sauti kali ya kuchoma sikio. Akibadili mdundo, wote hubadili naye. Jing, upatu mkubwa, huvuma taratibu na kushikilia mzunguko. Buk ni ngoma nene. Janggu ina kiuno chembamba na nyuso mbili: kushoto mlio mzito, kulia mlio mwembamba unaopigwa kwa kijiti cha mwanzi. Halafu taepyeongso. Mtu wa Lamu akiisikia hatauliza ni kitu gani, kwani ni ukoo mmoja na zumari yetu. Wachezaji wengine huvaa sangmo, kofia yenye utepe mrefu, na utepe ule huchora duara hewani kwa nguvu ya shingo na, tena, magoti.

Ngoma hii ilipigwa wakati wa palizi ya mpunga. Mwaka mpya ulipoandama, kundi lilipita nyumba kwa nyumba, likikanyaga ardhi ya ua, kisimani na jikoni, ili kutuliza pepo wa mahali. Mwenye nyumba alitoa mchele au fedha, na pombe haikukosekana.

Mwaka 1978, katika ukumbi mdogo mjini Seoul, wapigaji Kim Duk-soo, Kim Yong-bae na wenzao waliketi sakafuni na vyombo vinne tu. Ikazaliwa samulnori, ikazunguka dunia. Ufundi wao unanitoa jasho, lakini kwangu ni nusu ya ngoma. Hata wao, wakiwa wameketi, viwiliwili hupanda na kushuka kana kwamba wanatembea.

Miaka ya 1980 wanafunzi walioupinga utawala wa kijeshi waliipeleka pungmul barabarani. Maandamano yanahitaji ngoma inayotembea. Na UNESCO, mwaka 2014, iliorodhesha nongak kuwa urithi wa utamaduni usioshikika: ile ya uwanjani, yenye kofia, miguu na kijiji kizima nyuma yake.