Kijiti Kisicho na Sauti

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanakwaya mliokanyaga matope kutoka Kondele hadi hapa, asanteni. Tangazo la mlangoni linasema nitazungumzia kondakta, na kijana mmoja ameshaniuliza ni wa matatu ya wapi. Wangu hadai nauli. Anasimama na kijiti cha kuongozea mkononi mbele ya watu 80 wenye fidla na tarumbeta, na kati yao wote ndiye pekee asiyetoa sauti.

Kondakta wangu wa leo, Arturo Toscanini, alizaliwa Parma, Italia, mwaka 1867, baba yake akiwa fundi wa kushona nguo. Alisomea selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Shida yake ilikuwa macho: nota zikiwa mbali kidogo zilimpotea. Basi akawa anazikariri zote, na si za selo tu, bali za kila ala.

Tarehe 30 Juni 1886, Rio de Janeiro, kundi alilolipigia selo lilikuwa na Aida, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Verdi. Kiongozi wao alikuwa amejiuzulu, na waliojaribu kushika nafasi yake wakazomewa na ukumbi. Wenzake wakamsukuma kijana wa selo, miaka 19. Akapanda, akafunga kitabu cha nota, akaongoza opera nzima kwa kichwa.

Mimi nimewahi kufanya kinyume chake. Ilikuwa tamasha la muziki, shule sitaitaja. Nilitoa do, sauti ya kuanzia, ya juu mno, kisha nikainamia karatasi yangu ya solfa nikihesabu mapigo. Kumbe wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa wamenikodolea macho, mishipa ya shingo imewatoka, wakiniomba msaada. Ile nota ya juu, la, ilitoka kama bati linalokwaruzwa na msumari. Nilipoinua kichwa, jaji alishaandika.

Sisemi mumwige Toscanini kwa kila jambo. Mazoezini alitukana watu na kuvunja vijiti. Jaribu hayo na kwaya ya kanisa uone kama Jumapili hutaimba peke yako! Ila ukaidi huohuo ndio uliomfanya, mwaka 1931 kule Bologna, akatae kupiga wimbo wa mafashisti waliotawala Italia. Walimzaba makofi, na hakuupiga.

Kuanzia 1937 aliongoza okestra ya redio ya NBC, New York. Tarehe 4 Aprili 1954, akiwa na miaka 87, katikati ya muziki wa mtunzi Wagner, mkono ulisita. Kichwa kilichobeba opera nzima kikawa kitupu. Redio ilikuwa ikirusha tamasha moja kwa moja. Mafundi wakakatiza na kuweka santuri ya mtunzi mwingine, Brahms. Baada ya muda mfupi akaendelea hadi mwisho. Hakuongoza tena mbele ya hadhira.

Lakini Juni mwaka huohuo aliwaita wachezaji warekodi upya vipande ambavyo havikumridhisha katika opera mbili za Verdi. Mojawapo ilikuwa Aida.