Acheni Saiti: Upinde Uliopiga Jana na Leo Umekataa

Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Naona pinde zimeegemezwa pale ukutani, na naona nusu ya wenyewe mmeshika alenki mkononi, ule ufunguo wa skrubu, tayari kusogeza saiti, kile kifaa cha kulengea. Naomba mzirudishe mfukoni. Na wewe kaka wa kofia nyekundu, mfukoni. Nakuona.

Hapa Iowa msimu wa kulungu kwa upinde unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na kila mwaka wiki ya mwisho ya Septemba simu yangu hailali. Maneno ni yale yale: "Fundi, juzi nilikuwa napiga vizuri, leo mishale yote inakwenda chini." Nauliza, umefanya nini? "Nimeshusha saiti." Hapo huwa natafuta kiti kwanza.

Upinde uliopiga vizuri juzi na leo haupigi, kuna kitu kimelegea, kimesogea, kimevutika au kimepasuka. Saiti yenyewe, kama skrubu zake zimekaza, haijaenda popote. Sasa wewe katika chombo kizima unachagua kukihamisha kile kimoja ambacho bado kipo mahali pake! Bomba limepasuka ndani ya ukuta, wewe unapaka chokaa.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Wengine mmeshalisikia hili la resti, kile kishikizo kinachobeba mshale, vumilieni.

Nina upinde wa pauni 60, na resti yake ni ile ya kuanguka: ukivuta, kamba nyembamba iliyobanwa kwenye kebo, ile kamba nene ya pembeni mwa uzi, inaiinua, ukiachia inaanguka ili manyoya ya mshale yapite bila kugusa kitu. Jumamosi moja nikapiga yadi 20, mishale yote chini, karibu sentimita 10. Nikashusha pini, kile kijiti cha saiti unachokiweka juu ya shabaha. Mnajua kanuni, pini hufuata mshale. Ikakaa sawa, nikajisifu. Jumatano, chini tena. Nikashusha tena. Wiki ya pili pini imekaribia mwisho wa njia yake, na yadi 40 mshale unatikisa mkia kama samaki. Nikasema mishale mibaya, nikanunua mipya dazeni nzima. Fedha hiyo mama watoto anaikumbuka mpaka leo.

Kumbe kibano cha ile kamba kilikuwa kinateleza kwenye kebo kidogo kidogo. Kamba imelegea, resti haifiki juu. Mshale unaondoka ncha imeinama na mkia umeinuka, halafu manyoya yanakwaruza resti yanapopita. Nilijuaje? Nilichukua rangi ya mdomo ya mama watoto, bila ruhusa, nikapaka kingo za manyoya, nikapiga mshale mmoja. Resti ikawa nyekundu. Dakika moja, baada ya wiki mbili za kuzungusha skrubu.

Lakini utamu wa kisa haujafika. Nikarudisha kamba mahali pake, nikakaza, nikapiga: mshale ukaruka juu ya boksi la shabaha na kuingia kwenye uzio wa jirani. Kwa nini? Kosa la kwanza nimelitoa, la pili nililoliweka mwenyewe kwenye saiti bado lipo. Mtu anayesogeza saiti kabla ya kujua ugonjwa anaanza na tatizo moja na kumaliza na mawili, na hilo la pili hana kumbukumbu nalo, kwa sababu hakuandika alizungusha mara ngapi.

Naona mzee pale anatabasamu. Najua unataka kuniambia nini, mzee wangu: Wahadzabe, wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, hawana saiti, hawana resti, na nyama wanakula. Kweli kabisa. Lakini angalia Mhadzabe anashughulika na nini: mshale. Anaupitisha motoni, anauweka jichoni, anaunyoosha kwa meno. Upinde wake ni mti mmoja na kano ya mnyama, hakuna boliti ya kulegea. Wetu huu ni mwingine. Holless Allen, mtu wa hapa jirani Missouri, alifunga magurudumu kwenye ncha za upinde na kupewa hataza mwaka 1969, na tangu siku hiyo tunavuta pauni nyingi na kushikilia chache. Raha hiyo ina bei yake: kamu mbili, yaani hayo magurudumu, kebo, resti, pipu, kile kitundu cha kuchungulia kwenye uzi, kitanzi cha kuvutia uzi, boliti za mikono, yaani zile pande mbili za upinde zinazopinda. Kila kimoja kinaweza kukusaliti usiku umelala.

Kwa hiyo tunaanza na nini? Tunaanza na Mhadzabe. Andika namba kwenye mishale yako, 1 mpaka 6. Piga, andika kila namba imeanguka wapi. Kama ni namba 4 peke yake inayopotea kila mara, upinde wako mzima, achana nao. Tazama noki, kile kiplastiki cha nyuma kinachouma uzi: ufa mdogo tu unatosha. Tazama kama ncha inacheza. Halafu shika uti wa kaboni ncha zote mbili, ukunje taratibu mbali na uso, sikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje utupe. Usiniambie ni mshale wa dola 15. Kaboni iliyopasuka inaweza kufumuka wakati unaachia, na vipande vinaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Kidole ni dola ngapi?

Kama mishale yote inatawanyika, mpe mwenzako apige. Si lazima avute sawasawa na wewe, tunatazama tu kama kundi lake limekaza. Likikaza, mgonjwa labda ni wewe, tutafika huko. Likitawanyika, rudi kwenye chombo.

Na hapo kwenye chombo mimi nina dawa moja ambayo nimeisema mpaka sauti imekauka: kalamu ya fedha, ile ya kuandikia kwenye plastiki nyeusi. Siku upinde unapiga vizuri, siku hiyo hiyo, weka alama. Pale kibano cha kamba kinapokaa kwenye kebo. Pale pipu inapokaa kwenye uzi. Resti, saiti, boliti za mikono, na pale kebo inapokutana na kamu. Halafu pima urefu kutoka ekseli ya kamu moja hadi ya nyingine, na kutoka uzi hadi pale mshikio unapobonyea, uandike ndani ya mfuniko wa sanduku. Siku ukianza kukosa, hufikiri, unatazama. Alama imeachana, umempata mwizi.

"Fundi, milimita tatu ni nini bwana?" Haya, tupige hesabu. Ukiwa umevuta, kutoka pipu hadi pini ni kama sentimita 80. Hadi shabaha ya yadi 20 ni mita 18 na ushee. Ni kama mara 23. Pipu ikipanda milimita 3, mshale unapanda karibu sentimita 7; yadi 40, kama 14. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni kama sahani ndogo, sentimita 20 hivi. Ukilenga katikati una 10 tu kila upande. Hizo 14 zimeshakutoa nje, na kulungu anakwenda na mshale tumboni. Mimi hilo silipendi hata kulisimulia.

Na pipu inapandaje? Uzi. Upinde uliachwa kwenye gari mwezi wa Agosti, madirisha yamefungwa. Nyuzi na kebo zinavutika kwa joto, kamu zinazunguka kidogo, moja inafika kwenye kizuizi kabla ya mwenzake, na mishale inaanza kupanda na kushuka bila mpango. Alama za kwenye kamu zitakuonyesha. Ila kuzirekebisha si kazi ya sebuleni. Kuna mashine ya kuukandamiza upinde, na anayejaribu kutoa kebo bila mashine hiyo nitamtembelea hospitali.

Naonyeshwa saa. Tayari? Haya, mbio mbio.

Mikono ya upinde: pitisha pamba kavu, ikinasa kuna ufa, usipige tena. Ukiwahi kuachia uzi bila mshale, peleka kwa fundi hata kama huoni kitu. Chembe za wembe, zile ncha za kuwindia, zikitua mbali na ncha za mazoezi, tatizo mara nyingi ni resti au mshale usiolingana na upinde, na hapo tena, nisikie, hatugusi nini? Ahsanteni.

Sasa wewe mwenyewe. Jaketi jipya la baridi, uzi unagusa mkono wa nguo, mshale kushoto. Kuukaba upinde kooni badala ya kuuacha ukae kwenye kiganja. Kupiga rilizi, kile kifaa cha kuachilia uzi, kama unabonyeza kengele ya mlango, kwa woga wa pini kutotulia. Huu woga ungetaka jioni yake peke yake, na mwaka jana niliahidi hivyo hivyo.

Kalamu za fedha zipo mezani, nimenunua 12, zirudi 12. Leteni pinde mmoja mmoja. Kaka wa kofia nyekundu aanze, maana nimeona kibano chake kutoka hapa.