Misi Sugu kwenye Gari la Tabo: Ihamishe Kwanza, Spea Baadaye

Mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Wakubwa wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi vijana mliotoka vyuoni, sogeeni karibu, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi zaidi.

Tutazungumza ugonjwa mmoja tu. Gari la tabo, yaani lenye kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini, linamisi: silinda haiwaki sawasawa, injini inagugumia. Linabadilishiwa plagi, linamisi. Linafungwa koili mpya za kutoa umeme wa cheche, linamisi. Nozeli za kunyunyizia petroli zinasafishwa, bado linamisi. Mwenye gereji yoyote hapa Dar, awe Ilala, Mwenge au Tegeta, ameshaletewa gari hilo. Mara nyingi ni Impreza ya tabo, au Chaser yenye injini ya 1JZ, na mwenyewe anashuka ameshika mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kuna koili na plagi zilizotolewa na mafundi waliotangulia. Ukizipima, nyingi ni nzima. Mfuko huo huniumiza, kwa sababu ni mshahara wa mtu umeishia kwenye maduka ya spea ya Gerezani bila kumtibia gari.

Ninachowaomba leo ni hiki: usimtume mteja dukani mpaka umejua misi inatokea lini, na iko silinda gani. Ukishayajua hayo mawili, kazi iliyobaki ni ndogo.

Tuanze na lini. Mteja akikwambia "gari linamisi", usifungue boneti. Muulize: linamisi likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, au ukikanyaga mafuta? Asubuhi likiwa la baridi, au baada ya kukaa kwenye foleni ya Ubungo? Likiwa gia ya kwanza, au gia ya nne unapopandisha Kimara? Kisha panda naye mwenyewe, uhisi.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya presha. Injini ikiwa silensa, ndani ya manifoldi, njia inayogawa hewa kwenye silinda, presha ni kama theluthi moja tu ya presha ya hewa ya nje. Tabo ikisukuma bar 1, manifoldi inakuwa na presha mara mbili ya hewa ya nje. Kutoka theluthi hadi mara mbili ni mara sita. Hewa hiyo yote inaingia kwenye silinda, pistoni inaikandamiza tena, halafu tunaitaka cheche iruke katikati yake. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani, Friedrich Paschen, alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili cheche iruke zinategemea presha ya gesi ikizidishwa na upana wa pengo. Mzee huyo hakuwahi kuona Impreza, lakini ndiye anayetueleza kwa nini gari linatulia vizuri kabisa likiwa silensa, kisha linagugumia tabo inapoingia. Cheche dhaifu inaweza silensa. Kwenye presha, inashindwa.

Kwa hiyo misi ya kwenye presha peke yake, mshukiwa wa kwanza ni upande wa cheche: pengo la plagi limepanuka, koili imechoka, au umeme unaofika kwenye koili haujatosha. Kwenye magari haya pengo huwa milimita 0.7 hadi 0.8. Ukikuta 1.1, hujahitaji kompyuta kukwambia kitu. Na plagi za iridiamu ziangalieni kabla ya kufunga. Ncha halisi ni nyembamba sana, karibu nusu milimita. Ukiona ncha nene kama ya plagi ya kawaida huku boksi limeandikwa iridiamu, rudisha dukani.

Misi ya silensa peke yake, inayopotea ukikanyaga, ina sura nyingine: hewa inaingia kwa njia ya wizi baada ya throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, nozeli inapiga vibaya, au vali haifungi sawasawa. Mnaona jinsi swali moja linavyokata kazi nusu?

Sasa silinda gani. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haioni moto ndani ya silinda. Inachofanya ni kusoma mwendo wa kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Kwenye injini ya silinda nne, kila nyuzi 180 silinda moja inatakiwa kuisukuma kranki. Kranki ikichelewa kidogo mahali silinda ya 4 ilipotakiwa kusukuma, boksi linaandika kodi ya hitilafu, P0304. Ikiwa misi inarukaruka bila mpangilio linaandika P0300. Kumbukeni kasi yenyewe: kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Na taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima, siyo kuwaka tu, mwambie mteja apunguze mwendo palepale. Petroli isiyoungua inaenda kuwakia kwenye masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, na masega yanayeyuka.

Kuna magari ya Japani ya miaka ya 1990 ambayo mashine zetu za OBD2, za kusomea kodi za hitilafu, hazisomi. Hapo rudini kwenye mkono na sikio: injini ikiwa silensa, chomoa soketi ya nozeli moja moja. Silinda nzima ukiichomolea, injini inayumba. Ile mbovu ukiichomolea, hakuna kinachobadilika. Nimesema nozeli, sikusema koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli inaendelea kumwagika kwenye silinda bila moto.

Ukishapata silinda, ihamishe misi. Hili ndilo jambo ninalotaka mwondoke nalo kichwani. Tuseme ni silinda ya 4. Chukua koili ya 4 uiweke kwenye 2, ya 2 uilete kwenye 4. Futa kodi, endesha. Misi ikihamia kwenye 2, koili ina hatia, sasa nenda kanunue koili moja. Ikibaki kwenye 4, koili ni nzima. Fanya hivyo hivyo na plagi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha koili na plagi kwa pamoja, hata gari likipona, hajui kilichoponyesha.

Kabla sijaendelea, kuna mtego mmoja. Silinda isipowaka, oksijeni yake haijatumika, inatoka nzima kwenye ekzosi. Sensa ya oksijeni inaiona, inaliambia boksi kwamba hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo. Boksi linaongeza mafuta. Fundi anasoma kwenye mashine "mafuta kidogo", anabadilisha sensa ya oksijeni, anabadilisha pampu ya mafuta. Kumbe sensa inasema kweli, na mafuta hayakuwa na kosa lolote. Ukiwa na kodi ya misi na kodi ya mafuta kidogo kwa pamoja, shughulikia misi kwanza.

Niwape mfano wa gari moja. Impreza ya tabo, P0304, inamisi tu kwenye presha, gia ya tatu kwenda juu. Koili ilihamishwa, misi ikabaki silinda ya 4. Plagi ikahamishwa, ikabaki hapo hapo. Hapo wengi tungekimbilia kufungua injini. Lakini kuna kitu kinachobaki na silinda hata ukihamisha koili, nacho ni soketi na nyaya zake.

Koili za gari lile zina nyaya tatu: umeme, ethi (waya wa hasi), na waya wa ishara kutoka kwenye boksi. Tulichomoa soketi, tukawasha swichi, tukaweka multimita kati ya umeme na ethi. Ikasoma volti 12.4. Fundi msaidizi akasema, "Bosi, umeme upo." Nikamwambia alete balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu ile inavuta takriban ampea 1.75, wakati multimita haivuti chochote cha maana. Tukaiunga kwenye pini zile zile mbili. Kwenye soketi ya silinda ya 2 iliwaka kweupe, huwezi kuitazama. Kwenye ya 4 iliwaka hafifu, ya njano, unaitazama bila shida. Mita ikashuka hadi volti 9 na kitu.

Tukafuata upande wa ethi. Kupotea kwa volti 0.1 au 0.2 kwenye waya wa ethi unavumilia. Pale zilikuwa zinapotea tatu. Ukiangalia soketi kwa nje ilikuwa safi. Tulipoivua pini kutoka nyuma na kuchana ganda la waya, ndani nyuzi za shaba zilikuwa kijani, zinapukutika kama unga, zimebaki nyuzi chache tu zinazobeba kazi yote. Koili inahitaji milisekunde chache kujaa. Volti zikiwa pungufu haijai, inatoa cheche ya kutosha silensa, tabo ikiingia haitoshi. Tulikata, tukafunga pini mpya, tukabana kwa koleo lake. Kimara ikapandwa bila misi.

Kutu ile ya kijani inatoka wapi? Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, hilo halina mjadala. Lakini kubwa zaidi ni kuosha injini kwa presha. Maji yakishalazimishwa kuingia kwenye soketi hayatoki leo wala kesho. Kila gari la misi, muulize mwenyewe: uliosha injini lini? Kama linaoshwa kwa presha, anza na soketi.

Ngoja niseme na upande wa mabomba, maana vijana wa magari ya tabo mnaupenda. Magari mengi ya aina hii yanapima hewa kwa sensa ya eafulo kabla ya tabo. Boksi linahesabu hewa, linapiga mafuta kwa hesabu hiyo. Hozi ya intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, ikiwa imepasuka au klampu imelegea, kwenye presha hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka. Mafuta yanakuwa mengi mno, moshi mweusi, injini inagugumia. Joto la Dar linakausha hizo hozi za mpira, ukizikunja unaona nyufa. Zipimwe kwa moshi au kwa presha kidogo na maji ya sabuni, gari likiwa limezimwa. Na ile vali ya kupumua nje, inayopiga sauti ukiachia mafuta, mnaifunga kwa ajili ya sauti. Kwenye gari lenye eafulo nayo inamwaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Kila ukibadilisha gia gari linajikwaa. Irudisheni hewa kabla ya tabo kama kiwandani walivyoifunga. Sauti itapungua, gari litakwenda.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo tunapima kompresheni. Plagi zote nje, throtoli wazi kabisa, betri imejaa. Tofauti kati ya silinda ndiyo ya kutazama, ikipita asilimia 15 kuna tatizo. Wengi mnajua kumwaga oili kidogo ndani ya silinda iliyo chini ili kujua kama ni ringi. Kwenye injini ya Subaru, pistoni zinalala, oili inakaa upande wa chini tu, haizibi mzunguko wote wa ringi. Jibu lake linadanganya. Tumieni hewa: pistoni juu kabisa, vali zimefungwa, sukuma hewa kwa kompresa, kisha sikiliza. Ikitokea kwenye ekzosi, vali ya ekzosi. Kwenye njia ya hewa, vali ya kuingiza. Kwenye mdomo wa oili, ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya silinda hedi. Na kumbukeni injini hizi nyingi zilipangwa huko Japani kwa petroli ya okteni 100. Gari likisukumwa presha ya juu kwa petroli pungufu, injini inagonga, na kugonga kule ndiko kunakovunja kingo za pistoni.

Kuna kijana pale nyuma aliuliza wakati wa chai: mteja hataki kulipia kupima, anataka kuona spea mpya, nifanye nini? Mdogo wangu, mwandikie bei ya kupima kabla hujagusa spana. Mwonyeshe balbu inavyowaka hafifu, ashike mwenyewe ule waya wa kijani. Mteja aliyeona kwa macho yake analipa bila kununa, na akitoka hapo anawaleta wenzake. Akikataa kabisa, mrudishie funguo kwa heshima. Gari utakalolibahatishia leo litarudi Jumatatu likiwa na jina lako.

Impreza ipo nje chini ya mwembe. Soketi moja nimeiharibu kwa makusudi, sisemi ipi. Multimita ziko mezani, balbu nne, na anayetaka kuanza na koili ataulizwa kwa nini.