Kabla ya Tiketi ya Istanbul, Tafuta Daktari wa Nairobi

Habari zenu watu wangu wa Nairobi, na salamu kutoka Istanbul. Leo ni upasuaji wa urembo: kukaza tumbo, kunyonya mafuta, BBL (kujaza makalio kwa mafuta yako mwenyewe), matiti, na nyinyi wanaume msijifiche, nywele pia. Sitawaambia msije. Hapa kuna wapasuaji hodari, na tumbo lililolegea baada ya watoto watatu si jambo la kumcheka mtu. Ninachotaka ni mpange safari hii kuanzia mwisho. Wengi huanza na bei, ikaja tiketi, ikaja viza. Daktari wa kuwaangalia wakisharudi nyumbani hawamfikirii mpaka kidonda kianze kutoa usaha.

Angalia kwanza pakeji inanunua nini. Kwa kawaida ni upasuaji wenyewe, usiku mmoja au miwili wodini, hoteli siku nne au tano, gari la kutoka uwanja wa ndege na mkalimani. Wiki sita za kupona hazimo. Na matatizo mengi hujitokeza hasa katika hizo wiki sita: maji kujikusanya chini ya ngozi, ukingo wa kidonda kuwa mweusi, damu kuganda mguuni. Wakati huo aliyekupasua yuko mbali, karibu saa saba kwa ndege, na wakala aliyekuwa akijibu WhatsApp usiku wa manane sasa anasoma ujumbe na kunyamaza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inafanyika hapo hapo Nairobi. Ingia kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, utafute mpasuaji ambaye leseni yake ni ya mwaka huu na utaalamu wake umeandikwa upasuaji wa plastiki. Neno urembo kwenye bango la kliniki halitoshi. Lipia kumwona na umwulize mambo mawili: je, mwili wangu unafaa kwa upasuaji huu, na je, utanipokea nikirudi na ripoti kamili? Wengine watakataa, na siwalaumu. Hawajui kilichofanywa ndani, na wakikigusa lawama yote inawaangukia. Endelea kutafuta mpaka upate atakayekubali, tena anayefanya kazi katika hospitali yenye ICU na mashine ya CT. Mwulize na bei yake pia. Ukishajumlisha tiketi mbili, hoteli ya wiki mbili na siku za kazi ulizokosa, huenda tofauti ikawa ndogo kuliko ulivyodhani.

Vipimo navyo vifanyiwe nyumbani, mapema. Hemoglobini ndiyo inayoangusha wengi. Wapasuaji wengi hutaka 12 au zaidi. Kama hedhi yako ni nzito au una fibroidi, vidonge vya madini ya chuma huchukua wiki nyingi kuipandisha, basi usipime siku tatu kabla ya kuruka. Pima selimundu, hasa kama kwenu ni Nyanza, Magharibi au Pwani, kwa sababu hata aliyebeba kinasaba kimoja bila ugonjwa anapaswa kumwambia daktari wa nusu kaputi. Pima sukari, presha, figo na ujauzito. Kuwa na VVU hakukuzuii kupasuliwa. Kinacholeta hatari ni kuficha dawa unazomeza. Kama huwa na makovu yanayovimba na kukua, sema, na uonyeshe moja.

Dawa sasa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huachwa wiki nne kabla ya upasuaji mkubwa, kwa sababu huongeza uwezekano wa damu kuganda. Tumia njia nyingine kwa muda huo. Aspirini ya maumivu, brufen na vidonge vya kitunguu saumu huachwa wiki moja hadi mbili kabla. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumwuliza aliyekuandikia. Sindano za kupunguza uzito kama Ozempic hufanya chakula kikae tumboni muda mrefu, nawe ukilazwa nusu kaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni; taja lini ulijidunga mara ya mwisho. Sigara, vape na shisha: wiki nne kabla, wiki nne baada. (Shisha ilipigwa marufuku Kenya 2017, najua, lakini tunajuana.) Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya tumbo iliyovutwa na kushonwa inaitegemea hiyo mishipa. Ikikosa damu, inakufa.

BBL inataka muda wake. Mafuta hunyonywa tumboni au kiunoni, husafishwa, kisha hudungwa makalioni kwa mrija wa chuma. Chini ya misuli ya makalio kuna mishipa mikubwa ya vena. Mrija ukizama ndani ya msuli na kuuchana mshipa, mafuta huingia kwenye damu, yakaenda moyoni na kuziba mapafu, na mtu anaweza kufa akiwa bado mezani. Mwaka 2018 jopo la vyama vya wapasuaji wa plastiki lilitoa onyo kwamba kifo kimoja huenda kinatokea katika kila BBL 3,000 hivi, na likaagiza mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, kamwe si ndani ya msuli. Mwaka huo huo chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kabisa. 2022 kikalegeza, kwa masharti kwamba mafuta yabaki chini ya ngozi na ultrasaundi itumike wakati wa kudunga. Florida, kule Marekani, mwaka huo wa 2022, iliweka kikomo cha BBL tatu kwa mpasuaji mmoja kwa siku, kwa sababu mkono uliochoka hukosea kina.

Basi maswali yako ni matatu: mafuta unayaweka tabaka gani, unatumia ultrasaundi ukidunga, na unafanya ngapi kwa siku? Wa kujibu ni mpasuaji mwenyewe. Mratibu wa mauzo akijibu kwa niaba yake, hujajibiwa. Na ujue kwamba sehemu tu ya mafuta hayo ndiyo huishi, mara nyingi nusu hadi asilimia 70; mengine mwili huyameza. Picha ya wiki ya pili isikudanganye.

Ofa ya tatu kwa moja, yaani tumbo, matiti na mafuta siku moja, ndiyo inayouzwa sana kwa akina mama, na ndiyo nisiyoipenda. Kila saa ya ziada mezani inaongeza hatari ya damu kuganda, baridi mwilini na damu kupotea. Kunyonya mafuta zaidi ya lita tano kwenyewe huhesabiwa kuwa kazi kubwa, ya kulala hospitalini ukiangaliwa usiku kucha. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilihesabu Wamarekani 93 waliokufa baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Miongoni mwa waliochunguzwa maiti, mafuta kwenye mapafu na damu iliyoganda ndivyo vilivyotawala, na wengi walikuwa wamefanyiwa zaidi ya upasuaji mmoja kwa mkupuo.

Kuhusu kliniki za hapa Uturuki: inayopokea wageni inatakiwa kuwa na kibali cha utalii wa afya kutoka Wizara ya Afya. Omba nakala na ulinganishe jina la kibali na jina la hospitali utakayopasuliwa, maana wakala anaweza kukuonyesha cha mwingine. Mpasuaji awe mtaalamu wa Plastik, Rekonstrüktif ve Estetik Cerrahi, yaani upasuaji wa plastiki kwa Kituruki. Akiwa na cheti cha "medikal estetik" peke yake, huyo ni daktari wa sindano na leza, hana kazi na tumbo lako. Jina lake liandikwe kwenye mkataba; "timu yetu" si jina. Pesa zilipwe kwenye akaunti ya hospitali, na risiti utoke nayo. Usitie sahihi karatasi ya ridhaa iliyo kwa Kituruki pekee. Na kipengele cha marekebisho kisome mara mbili: "tutarekebisha bure" mara nyingi ni ada ya mpasuaji tu, wakati thieta, nusu kaputi na tiketi ni zako.

India wengi wenu mnaijua kwa matibabu mengine. Kuna viza ya matibabu ya mtandaoni ya siku 60, na wawili wanaweza kuandamana nawe. Cheti cha homa ya manjano lazima, na chanjo iwe imetimiza siku kumi kabla hujafika. Usipokuwa nacho unaweza kuwekwa karantini.

Siku za kukaa ndizo watu huiba. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kuruka baada ya matiti, na 7 hadi 10 baada ya kukaza tumbo au upasuaji wa uso. Pakeji ya usiku tano haifiki hapo. Mirija ya kutoa majimaji hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, na mwili haujui tarehe ya tiketi yako. Ikitolewa mapema ili uwahi ndege, maji hujikusanya na utayanyonywa kwa sindano Nairobi. Kwa tumbo, hesabu siku 12 hadi 14, tiketi inayobadilishika, na mtu mzima wa kukushika. Wiki ya kwanza utatembea umeinama, na hata kukohoa ni kazi.

Ndege ya kurudi: uliza shirika kama linataka MEDIF, fomu ya afya ya abiria, ijazwe na daktari, na uagize kiti cha magurudumu siku mbili kabla. Pima hemoglobini tena kabla ya kuondoka. Ndani ya ndege hewa ni nyembamba kama ya mlimani, hadi mita 2,400, na Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800 wakati Istanbul iko karibu usawa wa bahari. Hemoglobini ikiwa chini ya 7.5, ndege isubiri. Keti kiti cha kando ya ujia, vaa soksi za kubana, tembea kila saa, na uulize kama utaendelea na sindano za kuzuia damu kuganda, kwa siku ngapi, na nani atakudunga. Aliyefanyiwa BBL haketi juu ya makalio kwa wiki mbili hivi, basi mto uwe chini ya mapaja. Ukipitia Dubai na tramadol, jua kwamba huko ni dawa inayodhibitiwa. Fuata utaratibu wao wa kibali kabla ya safari au omba dawa nyingine.

Karatasi mkononi, kamwe si kwenye mzigo: muhtasari wa kutoka hospitalini, ambao hapa huitwa epikriz, uwe kwa Kiingereza, maelezo ya upasuaji yenye lita zilizotolewa na mililita zilizodungwa, rekodi ya nusu kaputi, orodha ya dawa. Wenye vipandikizi vya matiti, kadi yenye kampuni, ukubwa na namba ya kila upande. Vipandikizi vya PIP vya Ufaransa viliondolewa sokoni 2010 kwa kujazwa silikoni isiyo ya matibabu, na vya Biocell vya Allergan viliitwa virudishwe 2019 kwa kuhusishwa na aina ya saratani. Bila kadi, utajuaje kama vyako vimo?

Ukitua JKIA, mwone daktari wako ndani ya siku tatu hata kama huumwi. Kifua kuuma, pumzi kukatika au mguu mmoja kuvimba, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Homa ya zaidi ya 38, harufu au weusi kwenye mshono, siku hiyo hiyo.

Na kuna adui anayechelewa. Wiki kadhaa hata miezi baadaye, kidonda kilichokwisha funga kinatoa uvimbe mgumu, unapasuka, unatoa maji, unafunga, unarudi. Huenda ni Mycobacterium abscessus, binamu wa kifua kikuu anayeingia kwa maji au vyombo visivyosafishwa vizuri. Antibayotiki za duka la dawa hazimwezi. GeneXpert, kipimo cha TB, haitamwonyesha, kwa sababu inatafuta kifua kikuu chenyewe. Na akionekana kwenye darubini unaweza kuanzishiwa dawa za TB zisizomfaa. Mwambie daktari waziwazi kwamba ulipasuliwa nje, na uombe usaha uoteshwe maabara kwa ajili ya mycobacteria zisizo za TB. Tiba ni ya miezi, mara nyingi pamoja na kupasuliwa tena.

Wanaume, kwa ufupi: mizizi ya nywele zetu imejipinda chini ya ngozi, na fundi aliyezoea nywele zilizonyooka huikata akiitoa. Dai jaribio la vishina vichache kwanza, wahesabu vilivyokatika mbele yako. Nywele zilizopandwa hudondoka wiki za mwanzo. Matokeo ni baada ya miezi 9 hadi 12. Meno nimeyaacha makusudi, yana hesabu yake ya kusagwa na mizizi kufa, nayo nitayafanyia video yake wiki ijayo.